Hela Tano ya Tabora

Baba mkwe wangu, Mzee Pastory, ana usemi wake wa kuwapokelea wageni: kwamba watu wote wa Tanzania wanatafuta hela, ila hapa Nyakahanga aliyewahi kuiona ni yeye peke yake. Mgeni hucheka kidogo kwa heshima, akidhani ni maneno ya uzee. Hapo mzee huita, "Mama Koku, lete kitabu," nami naleta albamu yake, iliyokuwa ya picha za harusi ya mtu fulani, sasa imejaa sarafu kwenye vifuko vyake vya plastiki.

Ndipo mgeni anapoambiwa. Hela ilikuwa sarafu ya Mjerumani. Mjerumani aliondoka, sarafu zake zikaondoka, jina likabaki midomoni mwetu mpaka leo. Kwenye albamu ziko kumi na moja, zikifuatiwa na senti za tundu za Mwingereza, kisha zetu za baada ya uhuru: senti kumi ya pundamilia, ishirini ya mbuni, hamsini ya sungura, shilingi ya mwenge. Kila kifuko kina kikaratasi: jina la sarafu, mwaka, zilitengenezwa ngapi kama inajulikana, na mwisho kabisa, ilitoka kwa nani.

"Usiniulize ina miaka mingapi," huwa anamwambia mgeni. "Uliza wenzake wako wangapi. Sarafu ni kama mtu mwema, thamani yake ni kuwa hawakuzaliwa wengi."

Alianza kuzikusanya akiwa mzee wa kanisa. Kila Jumapili, ibada ikiisha, wazee walikaa kuhesabu sadaka, na kapuni hawakukosa kukuta sarafu iliyokwisha kufa, imetolewa na bibi aliyeitoa kwenye chungu bila kuitazama. Sarafu kama hiyo hata dukani haipokelewi. Mzee Pastory aliichukua, akaweka pesa hai mahali pake, nyingi kuliko hiyo, mbele ya wenzake wote. Lakini mzee mwenzake, Gaudiosus, mtu wa maneno, akamtungia utani: "Pastory anavua samaki kwenye kisima cha Bwana." Utani ukaenea. Baba mkwe hakupenda. Kikao kilichofuata akasimama yeye mwenyewe akapendekeza sheria: sarafu yoyote isiyonunua kitu, ikitoka kapuni, isibadilishwe na mtu, ipelekwe mnadani nje ya kanisa kama yai au kuku, na anayeitaka aipandie bei mbele ya watu. Sheria ikapita. Tangu hapo, miaka kumi na miwili, amezinunua mnadani kwa mia tano, kwa mia saba, na hakuna aliyewahi kushindana naye, maana nani anataka pesa isiyonunua chumvi?

Kisha macho yakaanza kumwacha. Hospitalini walimwambia ni presha ya macho, wakampa dawa ya matone. Mtu anamwona umbo, mlango anauona, lakini herufi za sarafu zilimpotea kabisa.

Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Nilitoka Bugomora kuja kuolewa hapa na mwanawe, Novatus, ambaye ni fundi ujenzi na mara nyingi yuko Murongo kwenye nyumba za watu. Siku moja mzee alikuwa barazani na kioo chake cha fundi saa, anaigeuza sarafu huku na huku, anapumua kwa nguvu. Nilikuwa napepeta maharage. Nikasema bila kufikiri, "Baba, imeandikwa elfu moja mia tisa na tisa." Akaishusha sarafu. Kisha akauliza, "Unaziona kutoka hapo?" Nikasema naziona. "Umefika darasa la ngapi?" Nikasema la saba. "Na la nane alikuzuia nani?" Hakuna aliyenizuia, ila hakuna aliyewahi kuuliza.

Wiki ya pili yake alikuwa ameshaongea na mwalimu, na mimi nikaanza masomo ya jioni, saa kumi hadi kumi na mbili, kujiandaa kwa mtihani wa maarifa, mlango wa sekondari kwa sisi tulioishia la saba. Mama mkwe wangu, Restuta kwa jina lake, Mama Restuta kwetu sote, alibaki na mtoto. Alinung'unika, lakini nikirudi namkuta Koku ameshaoga, ameshiba, amelala kifuani kwake.

Sasa niseme kuhusu kikapu. Katika nyumba ile mkwe na baba mkwe hawapeani kitu mkono kwa mkono. Ni heshima, si chuki. Chakula nakiweka mezani, naondoka, ndipo anasogea. Sarafu je? Tukatumia akaibo, kikapu kidogo cha kusukwa ambacho zamani mzee alikuwa akiwawekea wageni kahawa za kutafuna. Anaweka sarafu ndani, anakisukuma kwa fimbo yake hadi katikati ya mkeka. Mimi naichukua, naisoma kwa sauti, nairudisha, nakisukuma kwake. Albamu nzima tumeipitisha mle, ukurasa kwa ukurasa, hata kucha zetu hazijawahi kugusana. Lakini yule mzee ananijua kuliko watu wengi walionishika mkono.

Mama Restuta hakuupenda mchezo wetu. "Si kwamba nawaza vibaya," aliniambia siku moja tukimenya ndizi. "Ninachosema ni hiki. Vitu vidogo hupotea. Siku kimoja kikipotea, wewe utajiona mwizi na yeye atajiona mchoyo. Na mkwe na baba mkwe hawagombani wakapatana kama watu wengine. Huwa wanaachana tu. Mtakaa nyumba moja mkisalimiana kama majirani, na kusoma kutaishia hapo."

Nilimwambia hakitapotea kitu. Nilisema kwa kujiamini, nikiwa na kisu mkononi.

*

Iliyokuwa ikikosekana ilikuwa hela tano ya Tabora.

Mzee alinieleza mara nyingi, nikaikariri kama somo. Wakati wa ile vita kuu ya kwanza, Wajerumani walikatiwa njia ya bahari, pesa hazikuweza kuja kutoka kwao, wakazitengeneza wenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli. Hela ishirini walizitengeneza kwa wingi, na mzee alikuwa nazo mbili, moja ya shaba nyekundu na moja ya njano. Lakini hela tano walitengeneza kama elfu thelathini tu, wakaacha. "Elfu thelathini kwa nchi nzima, na vita juu yake," alisema. "Nyingine zimezikwa na wenyewe." Aliitafuta tangu kabla Novatus hajaota ndevu.

Ikatokea Kimuli, kwa binamu yake, Bibi Xaveria. Mzee alikwenda kumsalimia akiwa mgonjwa, akaletewa kahawa za kutafuna kwenye kikapu, akaingiza vidole, na chini ya kahawa akagusa kitu baridi. Bibi Xaveria akasema, "Nilisikia unatafuta hela. Hii ilikuwa kwenye kopo la vifungo vya marehemu. Kama siyo yenyewe, irudishe, nitaishonea koti."

Alirudi nayo Jumamosi jioni kwa bodaboda, ameikunja kwenye leso, na leso ameishika mkononi njia nzima. Hakunywa hata maji. Alikaa mkekani, akaiweka kwenye akaibo, akakisukuma.

Nikaichukua. Ilikuwa ya njano iliyofifia, ukubwa wake kama shilingi mia yetu ya sasa. Upande mmoja namba tano na neno la Kijerumani, majani yamezunguka. Nikaigeuza.

"Kuna taji, Baba. Chini yake D, O, A. Kisha elfu moja mia tisa kumi na sita."

"Endelea."

"Kuna T."

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka kwenye bati. Baadaye akasema, "Soma tena, taratibu." Nikasoma tena, taratibu. Akaniomba mara ya tatu, na mara hiyo midomo yake ilikuwa ikienda pamoja na yangu.

"Leo tusiiingize kitabuni," akasema. "Ilale nje usiku mmoja. Kesho baada ya ibada tutaandika kikaratasi chake vizuri, nikiwa nimetulia."

Nikakiweka kikapu juu ya kabati, nikakifunika kitambaa. Koku akalia, nikaenda.

Kosa langu ni hili, na ni langu mwenyewe. Kila Jumamosi nilikuwa na desturi ya kuweka shilingi mia ya Koku kwenye kikapu kile kile, ili asubuhi nisihangaike kutafuta sadaka ya mtoto. Niliiweka hata siku hiyo, nikiwa na usingizi, mkono ukaingia chini ya kitambaa wenyewe. Asubuhi mvua ilikuwa bado inanyesha, umeme umekatika, kengele ya kwanza imeshalia, na Mama Restuta ameshatangulia kwa ajili ya mazoezi ya akina mama. Nikambeba Koku mgongoni, nikaingiza vidole kikapuni, nikashika kitu cha njano cha duara, nikakifunga kwenye pindo la kitenge.

Nilikimbia.

Wakati wa sadaka tunakwenda mbele kwa mstari. Koku ana mwaka mmoja na miezi mitatu, na ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutoa kwa mkono wake. Nilimtia sarafu kiganjani bila kuitazama, nikamwinamisha juu ya kapu la watoto, akaangalia ndani, akafumbua vidole kimoja kimoja. Sarafu ikalia. Akina mama wa kiti cha mbele wakampigia makofi, naye akajipigia. Nilirudi mahali pangu najisikia mama bora kuliko wote.

*

Mvua ilikuwa imekatika tulipotoka. Mnada ukaanza pale kando ya ukuta, kama kawaida, Gaudiosus akinadi. Mkungu wa ndizi ukaenda, mayai yakaenda, debe la maharage likaenda. Jogoo aliletwa na mjane mmoja, akanunuliwa na Elpidius, mfanyabiashara wa Bukoba ambaye msimu wa kahawa husali nasi. Elpidius akasema, "Namzawadia aliyemleta," na yule mama akarudishiwa jogoo wake. Ndivyo tunavyofanya kwetu. Mnunuzi akitaka, humtaja wa kumzawadia, na kanisa linabaki na bei.

Gaudiosus akafuta mikono, akaingiza mkono mfukoni.

"Washarika, hapa nina kitu sijui ni cha kula au cha kuvaa. Kimetoka kwenye kapu la watoto."

Akakiinua. Kikameta kidogo.

"Kifungo hicho," mtu akasema.

"Kifungo hakina tundu? Utakishonea kwa mate? Hapana, nimekisoma. Kina taji, kina tano. Hii ni hela ya Mjerumani. Basi wachungaji wasilalamike tena. Leo Bwana ameletewa hela yenyewe."

Watu wakacheka. Niliona kabati, kitambaa, kikapu, na ndani yake shilingi mia imekaa peke yake.

Mzee Pastory alikuwa kwenye benchi chini ya paa, fimbo katikati ya magoti. Aliinua uso.

"Gaudiosus, chini ya huo mwaka kuna herufi gani?"

"Pastory, umekuja kununua au umekuja kusomewa?"

"Nisomee kwanza."

"Kuna T. T kama ya Tunangoja."

Wakacheka tena. Mzee akaushusha uso wake taratibu. Hakuuliza imetoka kwa nani. Kama angeuliza ningepata nafuu.

Nikasogea hadi mwisho wa benchi, pale mkwe anaporuhusiwa kusimama. "Baba, ni mimi. Nilichukua gizani. Nilidhani ni mia ya Koku."

"Najua."

"Niwaambie? Niwaambie tumekosea, watairudisha."

"Mama Koku," akasema, sauti ya chini, bila hasira, "miaka kumi na miwili nimewaambia watu hawa kwamba kilichoingia kapuni kinapita mnadani. Sheria niliitunga mimi. Leo nikisema isipokuwa cha kwangu, huyu Gaudiosus ataniimba mpaka Pasaka. Na atakuwa na haki."

"Basi nitainunua."

"Kwa kitu gani?"

"Nina elfu nne na mia tano."

Akacheka puani, kicheko kidogo. "Ngoja kwanza. Mara zote huwa ni mia tano." Akainua fimbo. "Mia tano, Gaudiosus."

"Mia tano kwa mvuvi wetu. Nani mwingine?"

"Elfu mbili," Elpidius akasema.

Watu wakageuka. Hakuwa mtu mbaya, Elpidius. Alikuwa na simu mkononi, ameipiga picha ile sarafu, na nadhani kuna kitu alikiona kwenye simu. Ndiyo hivyo, sasa hivi kila kitu kipo kwenye simu.

"Elfu tatu," mzee akasema.

"Tano."

"Sita." Nikaona mkono wa mzee ukiingia mfuko wa koti na kuzihesabu noti kwa kidole gumba.

"Kumi," Elpidius akasema.

Mkono ukatoka mfukoni mtupu. Gaudiosus akamwangalia Pastory, na kwa mara ya kwanza hakuwa na neno la kumtupia. "Elfu kumi," akasema, kama mtu anayeuliza. "Kumi mara ya kwanza."

Nyumbani, kwenye kopo kando ya Biblia, nilikuwa na elfu ishirini na tano, sehemu ya pesa ya kujiandikishia mtihani. Nilizipata kwa kuuza vitunguu, kidogo kidogo. Nilijua ni za nini. Na nilijua pia kwamba kama sarafu ile itaondoka na gari la Bukoba, nitarudi kwenye ule mkeka jioni, na mzee atakuwa mpole, na hatanilaumu, na kikapu hakitasukumwa tena. Mama Restuta alishanieleza vizuri jinsi inavyokuwa.

"Kumi na tano," nikasema.

"Nani? Mama Koku?"

"Ishirini," akasema Elpidius, hata hakunitazama.

"Ishirini na..."

"Mama Koku." Mzee alisema kwa sauti, kila mtu akasikia. "Hiyo ni ya mtihani. Nyamaza, mwanangu."

Hajawahi kuniita hivyo. Nyumbani ni Mama Koku, mbele za watu ni mke wa Novatus. Machozi yakanijia, nikayafuta kwa pindo lile lile la kitenge lililonikosesha.

"Ishirini mara ya kwanza," Gaudiosus akasema polepole. "Ishirini mara ya pili."

"Thelathini."

Sauti ilitoka upande wa akina mama. Mama Restuta alikuwa amekaa kwenye jiwe, Koku mapajani, anamfuta kamasi.

Gaudiosus akakinga mkono sikioni. "Nani huyo?"

"Ni mimi, Gaudiosus. Au sauti ya mwanamke haipandi?"

"Mama Restuta, tangu nikujue hapa umenunua mayai tu."

"Na leo nanunua yai la Mjerumani. Taja bei yangu."

Watu wakacheka mpaka mchungaji, aliyekuwa akiagana na wageni mlangoni, akaja kuona kuna nini. Elpidius naye alitabasamu, lakini alikuwa ameshafungua mdomo kuongeza. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, "Mama, shikamoo. Samahani. Hiyo sarafu unaijua ni nini?"

"Marahaba, baba. Siijui. Namjua anayeitaka."

Elpidius akaangalia alikoangalia Mama Restuta, akamwona mzee na fimbo yake, uso umeelekea hewani kama mtu anayesikiliza mvua iko mbali kiasi gani. Akaifunga simu akaitia mfukoni. "Mimi nimeshuka," akasema. "Siwezi kupanda na mama mwenye nyumba yake."

"Thelathini mara ya kwanza," Gaudiosus akaanza, sasa anafurahia kazi yake. "Thelathini mara ya pili. Pastory, bado unapumua? Haya, mara ya tatu. Imekwenda kwa Mama Restuta, na anayemzawadia nani?"

"Aliyeitoa."

"Katoa nani?"

Mama Restuta akamwinua Koku kwa makwapa, miguu ikaning'inia. "Huyu. Na msimuulize aliipata wapi. Mtoto akitoa haulizwi."

Gaudiosus akaja mwenyewe, akainama, akaiweka sarafu kwenye kiganja cha Koku. Koku akaiangalia. Akamwangalia Gaudiosus. Akaliona kapu la mnada mkononi mwake, akajinyoosha kwa nguvu zote ili aitumbukize tena.

"Hapana, hapana," Gaudiosus akaruka nyuma, amelificha kapu mgongoni kama mwizi wa mkate, na nilimsikia mzee Pastory akicheka, kicheko kikubwa cha kifuani, ambacho sikuwa nimewahi kukisikia.

*

Njiani tulitembea nyuma, mimi na mama mkwe, mzee akiwa mbele na Gaudiosus, wanabishana. Koku alikuwa amelala, ngumi imefungwa juu ya hela, nami nimeishika ngumi yake.

Nilijua pesa ile ilikuwa ya nini. Akina mama walikuwa wanashona sare mpya, na Mama Restuta ndiye pekee ambaye bado alikuwa na ya zamani.

"Mama," nikasema, "sare yako."

"Ya zamani haijatoboka."

"Asante."

Tukavuka dimbwi. Alinishika kiwiko ili nisiteleze na mtoto.

"Nilikwambia kitu kikipotea mtaachana," akasema. "Sasa, mama, mimi husema maneno mengi. Siyo yote napenda yawe kweli." Kisha, hatua chache mbele: "Halafu mkiachana, hizo karatasi za hospitali za macho yake nani atanisomea? Novatus? Novatus anasoma kama anavunja mawe."

Jioni, jua likiwa bado liko juu ya migomba, tukakaa mkekani. Kwa mara ya kwanza Mama Restuta naye akakaa, akajifanya anachambua kahawa. Nikakifunua kikapu, nikatoa shilingi mia, nikaiweka kando.

Mzee akakisogeza kikapu kwa fimbo yake, si kwangu, ila kuelekea kwa mkewe. "Hiki kirudi kwenye kahawa. Kinachanganya mambo ya Mungu na ya Pastory."

"Sasa tutapeana vipi, Baba?"

Akawaza. Koku alikuwa amesimama, ameshika goti langu kwa mkono mmoja, hela bado imo ngumini. Alikuwa ameanza kutembea wiki mbili tu zilizopita, hatua tatu, nne, kisha anakaa.

"Huyo hana mkwe," mzee akasema.

Nikaifungua ngumi ya Koku, nikaigeuza hela nikaisoma tena moyoni, nikaifunga ngumi. "Mpelekee babu," nikamwambia. "Babu yule."

Akaachia goti. Hatua moja. Akasimama, akakiona kile kikapu cha kahawa mbele ya bibi yake, akasita. Mzee alikuwa amenyoosha kiganja, amekikunja katikati kama bakuli, haoni kitu ila anasubiri. Koku akaangalia kikapu, akaangalia kiganja. Hatua ya pili, ya tatu, ya nne. Akafumbua vidole kimoja kimoja, na hela ya Tabora ikaanguka kwenye mkono wa baba mkwe wangu.

Mtoto hakuondoka. Alisimama pale, anamtazama.

"Anangoja nini?" mzee akauliza.

"Makofi," Mama Restuta akasema.

Tukampigia makofi, watatu sisi, naye akajipigia, akaanguka kwa makalio.

Mzee alikuwa anaipapasa sarafu kwa kidole gumba, anaitafuta ile herufi. Mama Restuta alimtazama muda, mwisho akashindwa kujizuia. "Hiyo T mnayoililia ni ya nini?"

"Tabora," nikasema.

"Kumbe. Mimi nilidhani ni ya Tata."

"Nayo inafaa," mzee akasema. Tata ni baba, kwa lugha yetu ya nyumbani, na hata macho yake yaliyochoka yalikuwa yanacheka. "Mama Koku, chukua kalamu. Tuandike."

Nikakata kikaratasi, nikakilaza juu ya daftari langu la masomo. Alitaja, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa darasani: hela tano, Tabora, 1916, kama elfu thelathini.

"Ilitoka kwa," nikasema, kalamu hewani. "Bibi Xaveria wa Kimuli?"

"Xaveria alinipa ya kwanza. Hiyo niliitoa sadaka." Akaigeuza kiganjani. "Hii ni ya pili. Andika: kwa Restuta, mnadani."

Nikaandika. Mama Restuta aliinama zaidi juu ya kahawa zake, anazichambua upesi upesi, mbovu na nzima anaziweka fungu moja.